Gama ya milisekunde 280 kwenye pembetatu ya Kanizsa: chunguza macho kwanza

Umeuliza kama ongezeko la gama (mawimbi ya haraka ya umeme wa ubongo) uliloliona kwenye EEG (kipimo cha umeme wa ubongo kupitia elektrodi za kichwani), milisekunde 200 hadi 300 baada ya pembetatu ya Kanizsa (diski tatu zilizokatwa midomo, zinazofanya pembetatu isiyochorwa ionekane kati yake) kutokea, ni ubongo unaounganisha umbo ambalo halikuchorwa. Usiliandike hivyo bado. Mwaka 1996 Catherine Tallon-Baudry na wenzake waliona gama ya hezi 40 hivi ikipanda karibu na milisekunde 280 mtu anapoona pembetatu, iwe halisi au ya kudhaniwa. Mwaka 2008 Shlomit Yuval-Greenberg na wenzake wakaonyesha kwamba macho yanayokazia nukta moja bado hurukaruka kidogo sana, na miruko hiyo huongezeka katika muda huohuo. Kila mruko, misuli ya jicho hutoa mshtuko mfupi wa umeme unaofanana sana na gama ya ubongo.

Ongezeko likitapakaa hezi 30 hadi 100 bila kilele, na rejea (elektrodi ambayo nyingine zote hupimwa dhidi yake) umeiweka puani, shuku macho. Pua iko jirani na macho, kwa hiyo mshtuko ule unaingia kwenye kila elektrodi. Kurejelea wastani wa elektrodi zote kunapunguza tatizo, hakulimalizi. Weka elektrodi juu, chini na pembeni mwa macho, uhesabu miruko kwa kila aina ya picha. Hesabu zikitofautiana, tofauti ya gama haina thamani mpaka uisafishe.

Mimi ningeegemea N1, wimbi hasi la mapema linaloonekana ukichukua wastani wa EEG ya majaribio mengi. Angalia PO7 na PO8, elektrodi za nyuma ya kichwa, kushoto na kulia: umbo la kudhaniwa huifanya N1 iwe hasi zaidi, na tofauti huanza kuonekana karibu na milisekunde 100. Hapo wastani wa kawaida unatosha. Gama isiyofungamana na muda wa picha hufutika ukifanya wastani kwanza. Kokotoa nguvu yake jaribio kwa jaribio, ndipo utafute wastani.

Picha ya kulinganishia iwe na diski zilezile, ukubwa uleule, mahali palepale. Geuza tu midomo yake itazame nje. Ukiondoa diski moja umebadilisha mwanga, na N1 itabadilika kwa sababu hiyo. Kipenyo cha diski kisiwe kidogo mno ukilinganisha na upande wa pembetatu, la sivyo umbo linafifia. Pishanisha muda kati ya picha bila mpangilio. Tena pima ucheleweshaji wa skrini kwa kihisi cha mwanga: milisekunde 20 zisizojulikana zinatosha kuharibu hoja yote ya “huanza lini”.