Maswali Yenu: Miguu Mizito Kwenye Penalti

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni kiungo wa timu ya kata. Mazoezini nafunga penalti 10 kati ya 12, lakini kwenye mechi miguu inakuwa mizito na msimu huu nimekosa mbili. Je, utulivu ni kipaji? – Kiungo, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, utulivu hufundishwa kama pasi inavyofundishwa. Shida yako imeanzia hapo kwenye penalti 12 za mfululizo. Ukipiga hivyo, ya tatu inasahihisha ya pili. Kwenye mechi unapewa moja tu, tena ukiwa umechoka.

Badili mazoezi. Mwishoni kabisa, kimbia mbio 6 za mita 40, kisha tembea kutoka duara la kati hadi alama ya penalti huku wenzako wakikuzomea. Piga moja. Ukikosa, hakuna kurudia hadi mazoezi yajayo. Andika kwenye daftari kona uliyochagua na matokeo yake. Weka koni nusu mita ndani ya nguzo na uifanye shabaha. Anayelenga nguzo yenyewe hutoa nje mara nyingi. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa humaliza zile mita 11 kwa takribani sekunde 0.4, kwa hiyo ukiupeleka pale, hata kipa aliyeotea upande atapata taabu kuufikia.

Kisha jenga utaratibu usiobadilika. Kona chagua usiku wa kuamkia mechi. Mpira uweke mwenyewe, rudi nyuma hatua zilezile, subiri filimbi. Ikilia, vuta pumzi moja, itoe taratibu, ndipo uanze kukimbia. Hapa ndipo wengi huharibu: filimbi ikilia tu wanaukimbilia mpira ili mateso yaishe. Refa hakudai uondoke papo hapo. Sekunde mbili tatu ni zako.

Kosa baya zaidi ni kubadili kona ukiwa njiani. Mguu wa kusimamia umeshaelekea kona ya kwanza, nao wa kupiga unatafuta ya pili. Mpira unapaa, au unamfuata kipa mikononi. Moyo utadunda hata ukijiandaa vipi. Uache udunde, wewe fuata hatua zako.

SWALI: Wachezaji wangu watano wa penalti wamegoma kupiga siku ya nusu fainali. Nifanyeje? – Kocha, Mombasa

JIBU: Mwalimu, orodha ya watano haitoshi. Fainali ya AFCON 2015 mjini Bata, Ivory Coast na Ghana walifika hadi makipa; Boubacar Barry alidaka mkwaju wa kipa mwenzake, kisha akafunga wa ushindi, 9-8. Panga wote 11 na wa akiba pia, kila mmoja ajue namba yake.

Muulize kila kijana faraghani siku moja kabla. Kuuliza “nani anapiga?” mbele ya wote, dakika ya 120, ni kuwaonea. Na usimwingize mtu dakika ya mwisho kwa ajili ya penalti tu. Fainali ya Euro 2020, iliyochezwa Wembley mwaka 2021, Rashford na Sancho wa Uingereza waliingia muda wa nyongeza ukiwa unayoyoma, na wote wawili walikosa. Hatuwalaumu hata kidogo. Mchezaji anahitaji kugusa mpira kwanza, angalau dakika 10.

SWALI: Kipa naye hujiandaaje? – Golikipa, Arusha

JIBU: Kwa kukusanya taarifa za wapigaji. Robo fainali ya Euro 2024, kipa wa Uingereza, Jordan Pickford, alikuwa na chupa ya maji yenye majina ya wapigaji wa Uswisi na upande wa kuruka. Akanji wa Uswisi alipopiga, Pickford alidaka. Nawe tuma mtu atazame mechi za wapinzani, aandike kila mpigaji amepiga upande gani. Mazoezini rudia kubaki na angalau mguu mmoja mstarini hadi mpira upigwe, kwani ukitangulia na kudaka, refa ataamuru mkwaju urudiwe.