Maswali yenu: askari mstaafu, kiwewe na tiba ya kuongea

Swali: Mume wangu alikua jeshini, mlango ukibamiza anajitupa chini na usiku anapiga kelele. Tumetajiwa tiba tatu, tuchague ipi?

Jibu: Pole dada. Hizo ni dalili za kiwewe (PTSD), na tiba mlizotajiwa bila shaka ni PE, CPT na EMDR, zote za kukaa na mtaalamu, mwongozo wa Marekani wa 2023 wa kutibu wanajeshi na wastaafu wao unazitanguliza hizo hata mbele ya dawa. PE (kulikabili tukio kidogo kidogo) anasimulia tukio mara nyingi, vikao 8 mpaka 15 vya dakika 90 hivi, na anapewa kazi ya kwenda kule anakokwepa. CPT (kuchunguza mawazo) ni vikao kama 12, inashika yale anayojiambia kichwani, mfano "wenzangu wamekufa kwa sababu yangu". EMDR (tiba ya kusogeza macho) anakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu. Matokeo hayapishani kihivyo, so achague yeye, sio wewe wala mama yake, maana anayesukumwa ni rahisi kukimbia vikao. Na kuna wanaomaliza bado wana dalili, hapo mnajaribu nyingine, hamsemi tiba ni uongo.

Swali: Miaka miwili naenda kwa mshauri tunapiga stori tu.

Jibu: Muulize anatumia tiba gani na inaisha lini. Akibabaika, hama.

Swali: Nitajie dawa ya usingizi, sitaki kuongea na mtu.

Jibu: Mara ya ngapi hii jamani! Diazepamu na ndugu zake (dawa za kutuliza na kulaza) mwongozo huohuo wa Marekani unazikataa kwa kiwewe, na ukichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua. Zinazopendekezwa kwa kiwewe sio za usingizi, ni dawa za sonona: setralini, paroksetini na venlafaksini, anaandika daktari sio mimi. Huko kutotaka kuongea mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Swali: Mimi sikuogopa kitu, nnachoteseka nacho ni nilichofanya kule.

Jibu: Hilo ni jeraha la dhamiri na linatibika. Mwambie mtaalamu siku ya kwanza, usingoje akuulize. Akikimbilia "ulitii amri tu, sahau" bado hajakusikia, mana pengine ulikosea kweli na kuna kazi ya kukikubali hicho bila kujimaliza. Na kama kujiua kunakupitia kichwani, silaha itoke nyumbani leo, mpe mtu unayemuamini, halafu nenda hospitali.

Swali: Vikao vya video vinafaa?

Jibu: Vinafaa. Ila sio ukiwa unaendesha gari.