Muhuri napiga, kadi inabaki nyeupe!

SWALI: Salaam aleikum dada, mimi natengeneza kadi za arusi na za Idi hapa nyumbani Kisauni. Binamu yangu kaniletea pedi ya VersaMark, ule wino usio na rangi, akasema kadi zitatoka kali. Sasa napiga muhuri kwa kadi nyeupe sioni kitu, nikimwaga poda ya dhahabu, ile ya kuyeyushwa kwa moto, inashika kila mahali, nikiwasha blodraya ya nywele ndo inaruka yote. Kwani kauziwa maji? Na nina oda ya arusi.
Mama Kadi

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Wino ni mzima kabisa, ulipokosea ni karatasi. Wino huo kazi yake ni kuikoleza rangi ya karatasi yenyewe, kama gazeti lililofungiwa bajia pale mafuta yalipogusa, sasa kwa kadi nyeupe kuna nini cha kukolea? Chukua manila ya rangi, buluu, zambarau, kijani, isiwe nyeusi tii, piga muhuri wako halafu subiri, utaona ua la muhuri wako, kama ile korosho ya leso, linajitokeza polepole rangi juu ya rangi. Mimi hiyo naipenda kuliko dhahabu yote, manake kadi inakuwa na heshima zake, mtu aigeuzegeuze kwenye mwanga ndo alione ua.

Poda nayo inashika kila mahali sababu ya jasho la mikono na huu unyevu wetu wa Mombasa. Funga konflawa kidogo kwa kitambaa chepesi, pangusia kadi nzima kabla ya muhuri, na uishike pembeni tu. Zima feni! Mwaga poda bila ubahili, wino unakauka polepole na unanata kwa hivyo hakuna haraka, kisha gonga nyuma ya kadi, poda iliyozidi irudi koponi, na chembe zilizobaki zitoe kwa brashi kavu.

Blodraya achana nayo, upepo mwingi moto mdogo. Inatakiwa mashine ya upepo wa moto, kama ile ya mafundi wa simu, ama geuza pasi ya moto uso juu halafu ushike kadi juu yake bila kugusa, moto uipate kwa chini. Angalia vizuri hapo: poda inakaa kama mchanga, kama mchanga, mara ghafla inayeyuka na kung'aa. Ondoa hapo hapo, ukizidisha inazama kwenye karatasi na mng'aro unapotea.

Kwa oda yako ningefanya maua rangi juu ya rangi, majina ya maarusi peke yake ndo yapate dhahabu.

Za Idi jaribu hii: karatasi ya kung'aa nyeupe, piga mwezi na nyota kwa wino huo, acha ukauke, halafu paka wino wa rangi wa maji kwa sponji. Palipopigwa muhuri panakataa rangi, mwezi unabaki mweupe.

Ukimaliza osha mihuri kwa maji na sabuni palepale, na usiguse pedi hiyo kwa muhuri wenye rangi, ikishachafuka kila kadi utakayopiga itatoka na doa.