Pete ya uchumba ina doa jeusi ndani ya almasi, niirudishe au nibaki nayo?

"Anti shikamoo. Nina miaka 27, naishi Mwanza. Wiki iliyopita mchumba wangu alinivisha pete mbele ya wazazi, almasi ya karati 0.60, nililia jamani maana najua alivyojibana mwaka mzima, kibubu kimekaa juu ya kabati mi naambiwa ni hela ya kodi. Siku ya tatu niko nje naanua nguo, jua linawaka, nikaona kitu cheusi ndani ya jiwe kama chembe ya pilipili manga, nafuta hakitoki, na nikiigeuza pete upande vinaonekana kama vitatu. Dada yangu akasema pete ya uchumba yenye doa ni nuksi, niirudishe haraka. Kazini nako maneno yameshaanza. Nikamwambia mwenyewe, akanyamaza muda mrefu halafu akaniuliza 'kwani hujaipenda?' na mpaka leo hatujaligusa tena. Cheti kilichokuja na pete kimeandikwa I1, dukani walimwambia hiyo ni ai wani, yaani namba moja. Duka limetupa siku 14 za kubadilisha, zimebaki 8, na kwa bei ileile wako tayari kunipa ya karati 0.30 safi. Au kuna fundi anaweza kulichonga jiwe doa likatoka? Nisaidie Anti, silali."

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza, maana nimesoma barua yako mara mbili na naona tangu umeona hilo doa hongera zote umezisahau, na mtu amejinyima mwaka mzima kwa ajili yako, hilo lishike mkononi wakati tunaongea mengine.

Marehemu mume wangu alikuwa sonara, miaka mingi nimekaa pembeni ya meza yake naandika risiti na kupokea wateja, kwa hiyo haya ya mawe siyaongei kwa kusikia. Na nitaanza na hiyo I1 kwa sababu imeniuma. Hiyo sio namba moja. Usafi wa almasi unapimwa kwa ngazi, juu kabisa FL, halafu IF, VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, ndio inakuja I1, chini yake zimebaki I2 na I3 basi. Ngazi 11, ya kwako ya tisa kutoka juu. Ile 1 maana yake ni ya kwanza ndani ya kundi la mawe ambayo dosari yake mara nyingi inaonekana kwa macho matupu, sio ya kwanza dukani. Sasa sijui muuzaji alisema hivyo kwa kutokujua au kwa kutaka kuuza, ila neno hilo ndilo linalobeba kesi yako yote, nitalirudia.

Kabla hujafanya chochote ioshe. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, sugua hasa kwa chini kule jiwe lilikokalia, na ufanyie kwenye bakuli usifanyie kwenye sinki mwanangu, nimeona watu wakifungua mabomba wanalia. Nasema hivi kwa sababu mafuta ya kupaka na unga vinaingia chini ya jiwe na kuleta giza, na mara kadhaa mteja alikuja na "doa" likaisha kwa mswaki. La kwako naona halitaisha, hayo matatu unayoyaona ukigeuza ni dalili kwamba liko ndani, ni doa moja tu ila nyuso za jiwe zinafanya kazi ya vioo, zinalirudisha mara mbili mara tatu. Lakini osha, ukitoka hapo utakuwa unaongelea jiwe na sio uchafu.

Halafu lipeleke kwa sonara mwingine, sio wa duka lile, awe na ile lenzi ndogo ya kukuza mara 10 maana ndio kipimo wanachotumia dunia nzima. Usimuulize "ni zuri?" kila mtu atakujibu lake. Muulize ni punje au ni ufa, na kama ni ufa unafika nje? Hapo ndipo penye uamuzi. Punje nyeusi iliyofungiwa ndani wengi wanaiita kaboni, saa nyingine ni kweli, mara nyingi ni chembe ya madini mengine iliyonaswa jiwe lilipokuwa linakua huko chini ya ardhi, na chembe ndogo iliyokaa ndani peke yake hailiharibu jiwe, utazeeka nayo. Ufa ni habari nyingine. Watu wanadhani almasi haivunjiki kwa sababu ni ngumu kuliko vyote, lakini ugumu ule ni wa kutochubuka, ukiigonga sawasawa inapasuka kwa sababu ina mielekeo yake maalum ya kupasukia, na ufa uliofika ukingoni ni mlango tayari umefunguliwa. Mume wangu siku moja alikuwa anakaza kile kikucha cha dhahabu kinachoshika jiwe, mteja hakujua jiwe lina ufa na yeye siku hiyo hakulikagua vizuri, nikasikia tik, kipande cha ukingo kikaruka. Tulilipa lile jiwe kwa miezi. Kwa hiyo sonara akikwambia kuna ufa umefika ukingoni, mjadala umekwisha, rudisha, hata kama jamaa atanuna, maana hiyo pete utaivaa ukisukuma sufuria, ukishika vyuma vya daladala, ukigonga mlango.

Na aangalie pia kama jiwe limejazwa. Kuna mawe yenye nyufa yanajazwa kitu kama kioo ili yaonekane safi, ukiligeuza taratibu chini ya taa unaona mwanga wa zambarau au bluu unapita kwenye ufa, hilo hata moto wa sonara siku ya kupunguza pete unaweza kuliharibu. Maabara za kupima almasi kama GIA ya Marekani mawe yaliyojazwa haiyapi cheti kabisa. Angalia cheti chako kimetoka maabara gani, kama ni GIA namba ya cheti unaiingiza kwenye tovuti yao unaona maelezo yote, karati, rangi, usafi, ulinganishe na ulichonacho mkononi.

Kuchonga doa litoke, hapana mwanangu, lisahau. Doa la katikati ili ulifikie lazima ule jiwe lenyewe, karati 0.60 ni gramu 0.12 tu, kuna nini cha kupunguza hapo? Ile almasi ya waridi ya Mwadui, iliyopatikana 1947 Shinyanga akapewa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza, ilitoka ardhini karati 54.5 ikabaki 23.6 ilipomaliza kuchongwa, zaidi ya nusu imekwenda, ndivyo uchongaji ulivyo. Wenye mawe makubwa wanaweza kumudu hasara hiyo, la kwako linaweza kubaki dogo kama hilo la 0.30 duka linalokupa. Kuna njia ya kutoboa kwa leza kitundu chembamba sana na kuingiza asidi ipaushe weusi, inafanyika kweli, ila inabaki alama ya tundu, inabidi uliseme ukiliuza, na gharama yake kwa jiwe la saizi hii haina maana. Ingekuwa doa liko pembeni ningekwambia mwambie sonara alizungushe jiwe likae chini ya kikucha, ujanja wa siku zote huo. Kama la kwako liko katikati, halifichiki.

Sasa hiyo ya 0.30. Kwa masikio inasikika nusu lakini kwa jicho sio nusu, jiwe la duara la 0.60 lina upana wa milimita 5 na kidogo, la 0.30 milimita 4 na kidogo, tofauti ni kama milimita moja. Chukua rula uone. Kwa hiyo usiogope kwamba utaonekana umevalishwa pete ya mtoto, na wala usiikimbilie kwa sababu ni "safi", nenda dukani uivae, na omba utoke nayo mpaka mlangoni kwenye mwanga wa kawaida, maana zile taa za dukani zimewekwa kwa kazi yake, chini yake hata kipande cha chupa kinameta. Na ya kwako nayo itazame hivyohivyo, sio juani na pua imegusa jiwe kama ulivyofanya siku ya nguo. Ivae wiki hii, nyoosha mkono kama unavyopokea chenji, uione asubuhi, uione jioni umechoka. Kuna wanawake siku ya tano wameshalisahau, na kuna ambao kila wakiangalia mkono hawaoni pete, wanaona doa, na mimi sitakudanganya kwamba utazoea, siwezi kujua wewe ni yupi, utajijua mwenyewe ndani ya siku hizo.

Dada yako anakupenda, nalijua hilo, lakini hilo la nuksi usilibebe. Almasi nyingi zina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, zimeumbika chini kilomita 150 na zaidi, hiyo chembe iliingia humo kabla hajawahi kuwepo binadamu yeyote wa kumtakia mwenzake mema wala mabaya. Wataalamu wa miamba chembe kama hizo ndio wanazitafuta, wanazitumia kujua umri wa jiwe. Na kitu kingine cha kibanda chetu, wateja wengi walikuwa wanaogopa kuacha pete zao kwa usiku mmoja wakihofia watabadilishiwa jiwe, mwenye jiwe la doa hakuwa na hofu hiyo, alikuwa anakuja asubuhi anachungulia, anaona doa lake, anaondoka. Wa kazini usiwaonyeshe tena, wao hawataivaa.

Nimefika kwa mchumba wako. Ule ukimya wake mwanangu ndio unaokunyima usingizi, doa limekuja tu kukaa juu yake. Wewe unajiuliza aliliona akaninunulia hivyohivyo? Yeye naye anajiuliza mwaka mzima wangu umekuwa doa? Na "kwani hujaipenda" ni swali la mtu aliyeumia, halikuwa jibu la hasira.

Kuna mawili. Linalowezekana kwanza ni kwamba hakujua, alisikia ai wani akaamini ni namba moja kama mimi na wewe tungeamini, na sasa anaona aibu kwamba ameuziwa. Kama ni hivyo nendeni pamoja dukani, na cheti, na risiti ya EFD, mseme kwa utulivu kwamba mliambiwa ngazi ambayo sio, na hapo msikubali moja kwa moja hiyo ya 0.30 kana kwamba ni hisani, ombeni na kurudishiwa hela, mjue bei za maduka mengine kabla hamjaingia. Fanyeni sasa, maana almasi ukishakaa nayo ukaja kuiuza baadaye unapewa pungufu sana ya ulichonunulia, hizo siku 8 ndio nguvu mliyonayo.

La pili, aliliona. Alisimama kwenye kile kioo akaona ndogo safi na kubwa yenye doa, akahesabu hela yake, akachagua kubwa kwa sababu alitaka ionekane ukinyoosha mkono mbele ya mama yako. Huo sio udanganyifu, ni mwanaume kachagua kwa alivyojua, kosa lake ni kutokukwambia. Akikwambia hivyo, na sonara amekwambia ni punje sio ufa, na wiki imepita jicho lako limetulia, mimi ningebaki nayo. Nasema waziwazi, ningebaki nayo. Lakini kama jicho halijatulia, mwambie hivyohivyo, "nakushukuru, ila naliona kila saa, twende tukachague wote ile ndogo," na mkachague wote kweli. Usimpe dada yako akabadilishe, usiende kimyakimya ukarudi na jiwe lingine, hata kama duka linakubali, yeye ndiye aliyelinunua.

Namna ya kuanza: usianze na doa. Anza na kibubu. Mwambie umejua sasa ile hela haikuwa ya kodi na muulize alikuwa anaweka shilingi ngapi kwa wiki, mwache aeleze yote mpaka amalize, halafu muulize siku ile dukani ilikuwaje. Atafika mwenyewe kwenye jiwe.

Sonara nenda kesho, sio Ijumaa, ili ukiongea na mchumba wako uwe tayari unajua kama ni punje au ufa. Risiti na cheti vitie kwenye bahasha moja uvitunze hata ukibaki nayo. Na niandikie alichokwambia, nitakuwa nasubiri.