Darasa moja, viwango vingi vya Kiingereza

SWALI: Katika darasa langu la tatu, baadhi ya wanafunzi husoma hadithi nzima ya Kiingereza, ilhali wengine hawajaweza kujibu hata wanapoulizwa majina yao. Je, niwaandalie masomo tofauti?

JIBU: Hapana, mwalimu, somo liwe moja, kazi ndizo zitofautiane. Chukua picha ya mvulana anayemkimbiza mbwa. Anayeanza aoneshe kwa kidole unapomuuliza “Where is the dog?”, aliyepiga hatua akamilishe sentensi uliyomwanzishia, na aliye mbele aeleze kwa nini mvulana anakimbia. Anayeanza akinyamaza kwa wiki kadhaa, au hata miezi, usimlazimishe kuzungumza mbele ya wenzake, kwani mara nyingi huwa anaelewa mengi kuliko anayoweza kutamka. Nakusihi pia umwangalie kwa makini yule anayezungumza kwa ufasaha wakati wa mapumziko: mtaalamu wa elimu Jim Cummins alibainisha mwaka 1979 kwamba lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo ni stadi mbili tofauti, hivyo mtoto huyo huenda bado anahitaji kufafanuliwa maneno ya kitabuni. Makundi nayo uyabadilishe mara kwa mara, ili asiwepo mtoto atakayejiona wa mwisho daima.