Ukibandika kadi nyekundu, chukua na ufunguo

Juzi kijana mmoja aliyepewa kazi ya kukagua vifaa vya kuhudumia ndege ameniandikia: "Kaka, kila nikisimamisha kifaa naambiwa nakwamisha kazi. Nifanyeje?" Nilicheka, maana jina la mkwamishaji nililibeba mimi kabla yake.

Ngoja nimsimulie yaliyonikuta. Gari la mkanda, lile la kupandishia mizigo hadi tumboni mwa ndege, lilikuwa limechanika mpira wa mbele. Ukipitisha kidole unagusa kichwa cha bolti. Mpira huo ndio unaokutana na ndege dereva akikosea kidogo. Ukiisha, kinachokutana na ndege ni chuma. Nikabandika kadi nyekundu, ile ya kuzuia kifaa kisitumike, nikajaza kitabu cha ukaguzi, nikaenda kukagua ngazi za abiria. Kurudi, gari halipo. Kadi iko chini, imekanyagwa. Msimamizi wa zamu akanifokea mbele ya wapakiaji wote: "Ndege inashuka, wewe unatuletea habari za mpira!" Haukupita muda nikahamishiwa stoo.

Msidhani msimamizi yule aliumbuka. Gari lilipiga kazi zamu ile na nyingine nyingi, na halikugusa ndege yoyote. Wapo wanaonitania kwa hilo mpaka leo, na sifichi, linaniuma. Huwa nawajibu kwa kisa cha Desemba 26, 2005. Ndege ya Alaska Airlines, safari namba 536, iliondoka Seattle ikiwa imegongwa ubavuni na kifaa cha mizigo, na aliyeigonga hakutoa taarifa. Ilipofika kama futi 26,000 bodi likapasuka, tundu la karibu futi moja kwa nusu futi, hewa ya kabini ikatoka, marubani wakageuza kurudi. Wote walitua salama. Lakini pale chini, kabla haijaruka, kila mtu angeapa kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa ushauri. Kagua kwa mikono. Nimeona orodha za ukaguzi zimetikiwa zote kwa mkupuo mmoja, zamu hata haijaanza, na tairi la kifaa chenyewe limekaa chini. Breki huijui kwa kuitazama. Liendeshe, kanyaga, sikiliza linavyosimama, kisha vuta breki ya mkono ujaribu kuondoka nalo. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, inamtaka dereva asimame kabisa angalau mita 5 kabla ya kuifikia ndege, kwa sababu hiyohiyo: kama breki imekufa, ijulikane ukiwa bado na nafasi.

Pahali pa kuficha mikono ni kwenye mabomba ya haidroliki, yale yanayopitisha oili yenye mgandamizo mkubwa. Bomba lililotoboka tundu la sindano hurusha oili kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kwa nje utaona kitone tu, ndani nyama inaharibika, na unaweza kupoteza kidole. Pitisha kipande cha boksi kando ya bomba. Kikilowa umeshapata jibu.

Jenereta ya kuipa ndege umeme, wengi hutazama dizeli wakaondoka. Mimi naanza na kichwa cha kebo. Kina matundu sita, manne makubwa na mawili madogo, na tundu lililolegea hupata moto hadi likawa jeusi. Volti 115 zinapita hapo! Vichwa hivyo tunaviburuta chini, trekta zinavikanyaga, halafu tunashangaa vikiungua.

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni pini za fimbo ya kukokotea ndege. Zimetengenezwa zikatike makusudi, ili mguu wa mbele wa ndege usiumie trekta ikivuta vibaya. Fundi anakosa pini halisi, anachomeka bolti ngumu ya kuokota, anajisifu ametatua tatizo. Anachokifanya ni kuamua kwamba siku hiyo mguu wa ndege ndio utavunjika badala ya pini. Kila zamu chungulia pini, na ukikuta bolti, fimbo hiyo isitoke.

Vijana, acheni woga. Mliiomba kazi hii wenyewe, na saini ni yenu. Likiharibika jambo, msimamizi aliyekuharakisha hatakuwa karibu, karatasi yenye jina lako itakuwepo. Fungueni macho, kagueni kwa mikono, nimeshasema na ninarudia.

Na wewe uliyeniandikia: ukibandika kadi, chomoa ufunguo, umkabidhi fundi mkononi naye akusainie. Piga na picha ya kasoro. Kadi peke yake upepo unaing'oa, na watu pia. Msimamizi akisisitiza kifaa kitumike, mpe kitabu kwa heshima, aandike jina lake na saa kwamba amekiruhusu. Niliporudishwa uwanjani ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Walinuna, walipiga simu kwa wakubwa, lakini kalamu hakuna aliyeishika.