Gia Tatu za Ukurasa wa Nyuma

SWALI: Ndugu Mhariri, utotoni hapa Busia, Uganda, mjomba alituletea vitabu vya katuni kutoka Uingereza, na ukurasa wa nyuma wa kimoja ulikuwa na tangazo la baiskeli ya gia tatu, nililolitazama hadi karatasi ikachakaa. Juzi nimelikuta stoo gurudumu la marehemu baba lenye maandishi Sturmey-Archer AW. Je, ndizo gia zile? Lina umri gani?

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako imenigusa. AW ni gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, zilizoanza kuuzwa mwaka 1936 na kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, kwa hiyo yaelekea sana ndizo ulizozitamani. Futa kutu polepole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha utafute tarakimu zilizogongwa kwenye bati la habu: 58 na 4, kwa mfano, humaanisha Aprili 1958.

Gia ya kati huzungusha gurudumu sawasawa na cheni. Ya chini hupunguza mwendo kwa robo, nayo ya juu huuongeza kwa theluthi. Ukiendesha kwa gia ya pili au ya tatu utasikia tiki-tiki-tiki, sauti ambayo nadhani baba yako aliijua vizuri, ilhali ya kwanza iko kimya. Dondoshea oili nyepesi katika tundu dogo la habu, wala usipake grisi nzito. Tafadhali, usiliuze gurudumu hilo kama chuma chakavu.